Mahari ya Nyumba ya Bibi

Nisameheni kwanza kwa mwandiko huu. Nilimaliza darasa la saba, na baada ya hapo mkono wangu ulizoea jembe na ndoo kuliko kalamu. Herufi zangu zinaegemeana kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na mahali pengine nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Naandika polepole pia. Ukurasa mmoja naweza kuuanza nikimaliza kuosha vyombo na kuumaliza kuku wakirudi bandani. Mkikuta neno nimelikosea, lisomeni kwa sauti, mtasikia nilichotaka kusema.

Mimi si mtu wa kuongea mbele za watu. Hata shikamoo yangu wakubwa huijibu kwa kuona midomo ikitikisika tu. Lakini tangu tuhamie hapa Kolandoto, majirani wananiuliza: "Ninyi mlipataje nyumba hii, na mzee yule alishawakataa wenye pesa zao?" Nikiulizwa nacheka, naingia ndani. Sasa nimeona niandike, maana ni jambo ninalojivunia, na nisingependa lisimuliwe na mtu ambaye hakuwepo.

Bibi yangu, mama yake mama, ndiye aliyenilea. Tuliishi Kharumwa, katika nyumba yake ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitatu, baraza mbele na jiko nyuma. Macho yake yalianza kupungua taratibu. Kwanza alianza kumwaga chai pembeni ya kikombe, halafu akawa anasalimia nguzo za watu. Hospitali ya Kolandoto wakamwambia ni presha ya macho. Wakasema akifuata dawa na kuhudhuria kliniki bila kukosa, mwanga uliobaki utakaa. Akiacha, utakwenda na hautarudi.

Kutoka Kharumwa mpaka Kolandoto si karibu. Tulikuwa tunatoka giza halijaondoka, tunabadilisha magari, tunafika vumbi limetugeuza watu wengine. Wakati wa kulima tulikosa kliniki. Mvua ikikata barabara tulikosa tena. Mjomba wangu, ambaye yuko machimboni Geita, akasema kwa simu, "Mama, panga chumba karibu na hospitali." Bibi alinirudishia simu kana kwamba imemuunguza.

"Mimi nipange? Niwe nalala huku nasikiliza mwenye nyumba anakohoa upande wa pili? Nyumba nilijenga mwenyewe, nitakufa kwenye nyumba yangu."

Basi safari moja, tukitoka kliniki, tukasikia kuna mzee karibu na hospitali anauza nyumba. Tukaenda. Nyumba ilikuwa ndogo, vyumba viwili na kibaraza, lakini imesimama vizuri, na ukikaa mlangoni unaliona geti la hospitali. Bibi hakuliona geti. Aliuliza ni hatua chache au nyingi, nikamwambia ni kama kutoka kwetu kwenda kisimani. Akapapasa ukuta kwa kiganja chote, akanusa hewa ya ndani, akaniminya mkono. Nikajua ameipenda.

Yule mzee alikuwa Msukuma mwenzetu, akatukaribisha maziwa. Akatuambia wamekuja watu wa mjini Shinyanga na pesa mkononi, akawarudisha.

"Kwani hupendi pesa, baba?" Bibi akamuuliza.

"Pesa nitazifanyia nini? Kijana wangu anaoa. Wakwe wamesema wanataka ng'ombe wenye kwato, hawataki karatasi. Na mimi mnadani nimeenda, nimeona wanavyouza ng'ombe siku hizi. Wamenyweshwa maji ya chumvi matumbo yakajaa, ukifika nyumbani wamesinyaa. Miguu yangu mibovu, siwezi kuzunguka minada. Anayeitaka nyumba hii aniletee ng'ombe wanane wazuri. Nitahamia kwa mwanangu."

Bibi akanywa maziwa yake mpaka mwisho. "Usiiuze," akamwambia. "Nipe muda kidogo."

Mzee akasema atasubiri, lakini si milele, maana siku ya kupeleka mahari ilikuwa inakaribia.

Ng'ombe sisi hatukuwa nao tena. Wa mwisho waliuzwa zamani. Tulichokuwa nacho ni nyumba ya Kharumwa. Ikiuzwa vizuri, Bibi ana nyumba karibu na dawa yake. Ikiuzwa vibaya, hana ya Kharumwa wala ya Kolandoto, na ni lazima apange chumba uzeeni. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

Tulipotangaza kuuza, dalali akaja kabla hata habari haijafika kisimani. Ni kijana wa hapo hapo Kharumwa, mwenye maneno mengi na viatu vinavyong'aa. Alimleta mwanamume mmoja kutoka Tanga, mwenye duara lake, yaani shimo la dhahabu, huko machimboni. Mwaka huo duara lilikuwa limemkumbuka, akataka nyumba ya familia.

"Bibi, leo umepata zali," dalali akasema hata kabla hajakaa. Akataja milioni. Akazitaja taratibu, mojamoja, kama mtu anayeweka mayai mezani.

Nilimwona Bibi uso wake umelegea. Bibi hajawahi kushika milioni. Ukimwambia milioni nne au milioni arobaini, kwake zote ni mlima mmoja. Akafungua mdomo, na nikajua anataka kusema ndiyo.

Mimi nilikuwa mlangoni na birika la maji ya kunawa. Sauti haikutoka. Nikaenda kusimama katikati ya Bibi na wageni, nikaanza kuwanawisha mikono, na chakula hakikuwepo.

Yule mtu wa Tanga akaangalia mikono yake iliyolowa. "Tunakula nini?"

Bibi akageuza kichwa upande wangu. Ananijua. "Rudini wiki ijayo," akawaambia wageni. "Leo mjukuu wangu ana jambo."

Walipoondoka akaniuliza, "Ng'wanone, mwanangu, kuna nini?"

"Bibi, ni ndogo."

"Milioni zote zile ndogo?"

Nikafikiria namna ya kumweleza. Nilikuwa natumwa mnadani mara kwa mara, nikajua bei za mifugo. Nikahesabu kimoyomoyo, nikamwambia, "Ni ng'ombe sita tu."

Bibi akasimama kama aliyeambiwa kuna nyoka kwenye kiti. "Sita? Nyumba yangu? Sita si hata kiwanja, matofali na bati!"

Akanishika mkono, akanizungusha nyumba nzima, akigusa kila sehemu na kuitaja. Nyumba ile aliijenga kwa kuuza ng'ombe, na kila ng'ombe alimkumbuka. Kiwanja kilikula maksai wawili. Msingi ulikula dume jekundu. Matofali yalikula wawili, kwa kuwa tanuri la kwanza lilipasuka. Mafundi walikula ng'ombe wa maziwa, yule mweupe mwenye doa shingoni, na hapo akatulia kidogo. Bati zilikula mitamba mitatu. Milango na madirisha yalikula yule mwenye pembe moja. Sakafu ilikula ndama wawili, tukawahesabu kama mkubwa mmoja. Jiko na choo vikala mmoja. Tulipofika tulipoanzia, vidole vyake vilikuwa vimesema kumi na wawili.

"Kumbe," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu macho yaanze kumsumbua nikamwona anatabasamu kwa kiburi. "Kumbe haya ni mambo ninayoyajua."

Hapa ni lazima niwaeleze kuhusu Bibi. Katika ukoo wetu mahari hujadiliwa na wanaume. Wao ndio wanaokaa uwanjani kwenye viti. Lakini binti yeyote alipokuwa anaposwa, mjomba alikuwa anasikia kiu sana. Kila baada ya muda anaingia ndani kunywa maji, na kila akitoka ana idadi mpya. Ndani alikuwa amekaa Bibi. Wakwe wote walijua, na hakuna aliyesema. Kwetu hesabu hufanyika kwa vijiti, kila kijiti ng'ombe mmoja. Wanaooa wanaondoa, wanaooza wanarudisha, mpaka vijiti vilivyobaki chini havina wa kuvigusa.

"Nyumba yangu ni binti," Bibi akasema. "Anayeitaka aje aipose. Na vijiti utashika wewe."

"Bibi, mimi siwezi. Nitasema nini?"

"Nani amekwambia useme? Vijiti havina sauti."

Nikakata vijiti kwenye miti ya pamba iliyokauka shambani. Tukasiliba jiko, tukafagia uwanja. Nikataka kutundika kanga kwenye kona ya chumba cha mwisho, pale mvua ya upepo ilipokuwa inaingiza maji. Bibi akanizuia.

"Binti mwenye kovu usimfunike. Mume atalikuta tu, halafu atasema na mengine umeficha. Kovu tutalitaja sisi kwanza, na litakula kijiti kimoja. Akiligundua yeye, litakula vitatu."

Siku ya kurudi, mtu wa Tanga alikuja na mke wake. Nikatandika mkeka barazani, nikakaa pembeni na vijiti vyangu. Bibi alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango.

"Mwadila, mayu!" dalali akamsalimia Bibi kwa Kisukuma, akimwita mama. "Mbona mwenye nyumba amejificha?"

"Sijajificha," Bibi akajibu kutoka ndani. "Huyo anataka kuoa kwangu. Mkwe na mama mkwe hawatazamani. Kama ana neno, amwambie huyo mwenye vijiti."

Mtu wa Tanga akacheka. "Nimeshakuwa mkwe? Na huyu niliyekuja naye?"

"Mimi nimepata mke mwenza wa matofali," mke wake akasema, akavua viatu akakaa mkekani. "Huyo hatanisumbua."

Nikapanga vijiti kumi na viwili mbele yao.

"Hivi ni nini?"

Dalali akapiga kofi gotini. "Ng'ombe! Bibi anatuchezea. Kaka, unaposa kweli."

"Mimi kwetu Tanga tunajua machungwa."

"Basi weka magunia ya machungwa," Bibi akasema. "Ila yasioze kabla hatujamaliza."

Wote wakacheka, hata mimi. Kisha Bibi akasema, "Mkwe, kabla hujagusa kijiti, nenda chumba cha mwisho, tazama kona ya juu. Mvua ikija na upepo, pale panavuja."

Akaenda, akarudi anatikisa kichwa. Nikaondoa kijiti kimoja, nikakiweka pembeni. Dalali akajaribu kutafuta makovu mengine, akauliza choo, akauliza nyufa, akagonga mlango. Lakini yule mtu wa Tanga hakuwa anamsikiliza tena vizuri. Mtu aliyekuonyesha uvujaji wake mwenyewe, utamtilia shaka gani?

Vikawa kumi na kimoja. Mtu wa Tanga akaondoa vitano kwa mkupuo. Nikaviokota vile sita, nikavipeleka ndani. Bibi alivipapasa kwa vidole, akanirudishia kumi na kimoja vilevile. Nikaviweka mkekani. Akaondoa vinne. Nikapeleka. Vikarudi kumi na kimoja. Safari ya tatu dalali akachoka.

"Bibi, umetuletea bubu! Tuongee na nani hapa?"

"Ndiyo maana nikampa vijiti," Bibi akasema.

Ukweli ni kwamba lile neno bubu liliniuma. Lakini niligundua kitu. Kila nilipoingia na kutoka, Bibi alipata muda wa kufikiri, na wao walipata muda wa kuitazama nyumba. Katika safari moja nilimwona yule mke amesimama dirishani, amevua kanga ya mabegani, anaipima kwenye dirisha kutoka kona hadi kona. Kisha akaenda dirisha la pili. Nikaingia, nikamnong'oneza Bibi: "Mama anapima mapazia."

Bibi akacheka bila sauti, mabega tu. Akahesabu vijiti kumi, akanifumbatisha. "Hivi usirudi navyo pungufu. Vinane ni vya yule mzee. Viwili ni vya kutuingiza kwenye nyumba mpya tukiwa na nguo mwilini."

Nikaviweka mkekani. Mtu wa Tanga alikuwa amefika tisa. Akaniinamia, akaongea kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto ale. "Binti, niambie mimi na wewe tu. Bibi atakubali tisa, si ndiyo?"

Nikatazama mkeka.

"Hata kutikisa kichwa tu."

Nikatazama mkeka.

Akasimama, akatoa funguo za gari mfukoni. "Haya. Twende tukaione ile nyumba nyingine ya Buseresere."

"Ile iko barabarani," dalali akadakia. "Ina fremu ya duka mbele. Bibi utakuja kujuta."

Ng'ombe tisa ni zaidi ya wanane. Ningeweza kuondoa kijiti kimoja, mkono wangu ulikuwa karibu navyo kabisa. Lakini Bibi alisema nisirudi pungufu, na Bibi hakuwahi kumwoza binti kwa kuogopa gari linalowashwa. Nikaukalia mkono wangu.

Mke wake hakusimama. Alikuwa anakunja kanga yake vizuri, pindo kwa pindo.

"Wewe huji?" mume akamuuliza.

"Nenda Buseresere. Ukirudi utanikuta hapa hapa."

"Mama nanii..."

"Miaka yote nimelala kwenye maturubai na vyumba vya kupanga nikisikiliza mashine za kusaga mawe. Nyumba ya barabarani niende nikasikilize malori? Kijiti kimoja hicho, baba. Duara lako linakula vingapi kwa wiki?"

Dalali akaangalia viatu vyake. Mtu wa Tanga akasimama kidogo uwanjani, akaangalia bati, akaangalia mke wake, akarudi kukaa. Akavikusanya vile vijiti kumi, akavipanga mwenyewe vikae sawa, na hakuondoa hata kimoja.

Ndani nikasikia Bibi anapiga kigelegele. Ndicho kilichokuwa kinapigwa siku zote za namna hiyo.

Dalali akarudiwa na uhai haraka. "Haya, sasa tugeuze kuwa shilingi tumalize."

"Shilingi za nini?" Bibi akauliza. "Mimi nimesema ng'ombe. Nataka wenye kwato."

"Sawa, Bibi. Basi mtafuatana na huyu kaka mnadani, mtawachagua, mtawachukua."

Hapo hatukuwa tumepanga. Nilijua Bibi hawezi kuzunguka mnadani na macho yale. Nilijua pia kuwasafirisha ng'ombe kumi kutoka huko mpaka Kolandoto kungekula wale wawili waliozidi, na tungeingia nyumba mpya mikono mitupu. Nikasubiri Bibi aseme. Labda alikuwa bado anafurahia kigelegele chake. Sijui. Nikasikia mtu anasema, na alikuwa mimi.

"Mahari haifuatwi. Huletwa."

Wote watatu wakanigeukia.

"Kumbe ana sauti!" dalali akasema.

"Huletwa wapi?" mtu wa Tanga akauliza.

"Kolandoto," nikasema. Maneno yalikuwa yameshatoka, hayarudi. "Aliyeoa ndiye anayeswaga ng'ombe mpaka nyumbani kwa bibi harusi. Bibi atakuwa Kolandoto."

"Kolandoto!" dalali akashika kichwa. "Huyu bubu anaongea mara moja, anaongea lori zima!"

Kutoka ndani Bibi akasema kwa sauti ya utulivu sana, kama vile tulikuwa tumekubaliana tangu jana, "Na binti naye haendi kwa mume mikono mitupu. Mayu, ule mtungi mkubwa wa jikoni nakuachia. Na mihogo ya shambani huko nyuma, chimba, ni yako yote."

Yule mke akaangalia upande wa jikoni. Alikuwa ameshauona mtungi. "Wabeja, bibi," akashukuru. Neno hilo alikuwa amelijifunza kwetu, na alilitamka vizuri.

Mtu wa Tanga akacheka mpaka akajifuta macho. Akasema ana rafiki mwenye lori la Fuso. Dalali akauliza kuhusu fungu lake. Bibi akamjibu kwamba mshenga hali mahari, hula jogoo, na fungu lingine amdai mnunuzi aliyemleta. Akaondoka na jogoo wetu mwekundu kwapani, viatu vyake vinang'aa vilevile.

Tuliandikishana kwa mwenyekiti, majirani wote wa mipaka wakiwepo. Mwenyekiti alisema ni lazima thamani ya shilingi iandikwe, ikaandikwa, na chini yake ng'ombe kumi nao wakaandikwa. Likaandikwa pia sharti moja la Bibi: funguo zitatolewa ng'ombe wakishuka Kolandoto.

Siku waliposhuka, sisi tulikuwa kwa yule mzee tangu jana yake. Mzee alikuwa ameita wanawe. Lori lilipofunguliwa, mtu wa Tanga alishuka mbele, mweupe kwa vumbi, amebeba fimbo kama aliyezaliwa zizini. Nikamwonea fahari hata yeye.

Bibi akaomba kila ng'ombe aletwe mbele yake. Kumwona vizuri hawezi. Aliwashika. Akapitisha mkono kwenye nundu, akashuka mgongoni, akabonyeza tumbo, akafungua mdomo akagusa meno, akainua kwato. Wanaume wote wamesimama. Mmoja, wawili, watatu, akawa anasema tu "mpeleke." Wa saba akamrudia mara mbili.

"Huyu mzee kuliko mimi. Meno yamekwisha."

"Bibi, nimesafiri naye njia yote hii!"

"Hata bwana harusi husafiri, na akiwa mzee tunasema mzee."

Wana wa yule mzee wakaangua kicheko. Mtu wa Tanga akakubali ameuziwa vibaya. Alikuwa amekuja na mbuzi wawili wa kwake kwenye lori, akamwongezea Bibi wote wawili juu ya yule ng'ombe. Bibi akapokea, akasema yule asiye na meno atabaki naye mwenyewe, watazeeka pamoja.

Kisha akamwambia mwenye nyumba, "Baba, chagua wanane wako."

Yule mzee hakukagua hata mmoja. "Nikague nini tena?" akasema. "Ng'ombe waliopita kwenye mikono ile nitawapeleka kwa wakwe nikiwa nimefumba macho." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka kiganjani kwa Bibi, na Bibi akatoa ule wa Kharumwa akampa mtu wa Tanga. Nyumba mbili zilibadilishwa pale kwenye vumbi, na mimi nilikuwa nimeshika kamba za mbuzi wawili, nimesimama wima kuliko siku zote.

Sasa Bibi anaenda kliniki mwenyewe. Anachukua fimbo yake, ananiambia nisimfuate, nami nasimama mlangoni namwangalia mpaka anaingia getini. Hajakosa hata mara moja. Mwanga uliobaki haujapungua, na asubuhi akikaa kibarazani anasema analiona geti, ingawa nadhani anaona rangi yake tu. Yule ng'ombe asiye na meno hakuzeeka kama tulivyodhani. Kumbe alikuwa na mimba na hakusema, akazaa. Yule mke wa mtu wa Tanga alituma picha kwenye simu ya mjomba, madirisha yote yana mapazia ya kanga.

Na mimi nimeitwa mara kadhaa na watu wa hapa wanaouza au kununua nyumba. Wananiambia, "Njoo ukae tu, huna haja ya kusema." Nakwenda. Nawaambia kwa sauti yangu hii ndogo yale niliyoyaona: taja kovu lako mwenyewe kwanza, hesabu kwa kitu unachokijua, si kwa kile anachokijua mwenzako, jua kijiti ambacho chini yake hutarudi, na angalia nani anapima dirisha. Vijiti vile kumi bado ninavyo. Nimevifunga kwa uzi juu ya mlango wetu.

Sasa nina ombi. Huku kwetu tunaoza nyumba, lakini sijui kwingine mnafanyaje. Kama ulishawahi kuuza au kununua nyumba ukaona namna iliyokusaidia, au umeshindwa ukajua sababu, niandikie. Usijali mwandiko, mmeshauona wangu. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nasoma mpaka mwisho, na Bibi hukaa karibu anisikilize.